Taa Moja, Picha Nne: Miaka 40 ya Kuupima Msalaba wa Einstein



Muhula huu darasa la wakubwa linasoma maneno ya anga: jua, mwezi, sayari, kundinyota, kupatwa kwa jua. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama Kiswahili kinaweza kueleza sayansi ya kweli, au ni lugha ya salamu na mapishi tu. Swali lake ni zuri, na halifai kujibiwa kwa maneno matupu. Kwa hiyo nimechagua jambo gumu la anga, nami nitalieleza kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Wazazi, someni pamoja na watoto. Mkikwama, mwishoni kuna orodha ya maneno.

Mimi ni muuguzi, si mwanaastronomia. Lakini kazi nitakayoisimulia inafanana sana na kazi ya wodini: unapima, unaandika, unakabidhi zamu, na anayekuja anapima tena.

KWASARI NI NINI?

Nyota zetu zote za usiku ziko katika mji mmoja mkubwa uitwao galaksi. Galaksi yetu ina mabilioni ya nyota, na nje yake kuna galaksi nyingine nyingi mno. Katikati ya galaksi kubwa mara nyingi huwa kuna shimo jeusi. Jina lisiwadanganye, si tundu. Ni kitu kizito kupita kiasi, chenye uzito wa mamilioni au hata mabilioni ya jua letu, kilichojibana mahali padogo. Mvutano wake ni mkali kiasi kwamba hata nuru ikiingia haitoki.

Shimo lenyewe halitoi nuru, lakini chakula chake hung'aa. Gesi inayovutwa kuelekea shimoni haiingii moja kwa moja. Huzunguka kama maji yanayoshuka kwenye tundu la sinki, ikafanya sahani kubwa inayozunguka. Kwa msuguano sahani hiyo hupata joto kali, ikang'aa kuliko nyota zote za galaksi yake zikijumlishwa. Sahani ya namna hiyo, pamoja na shimo lake, ndiyo tunaita kwasari.

Tatizo ni umbali. Kwasari ziko mbali mno hata darubini kubwa huziona kama nukta tu. Ni kama kuona taa ya meli usiku ukiwa ufukweni: unajua taa ipo, lakini huwezi kusema kama ni ndogo kama kikombe au kubwa kama ndoo. Basi wanasayansi walipimaje ukubwa wa sahani ile? Walisaidiwa na anga lenyewe.

MVUTANO HUPINDA NURU

Albert Einstein alisema kwamba kitu kizito hupinda njia ya nuru inayopita karibu nacho. Kulithibitisha hilo kulihitaji kupatwa kwa jua, ili nyota zilizo karibu na jua zionekane mchana. Nafasi ilipatikana tarehe 29 Mei 1919. Timu moja ya Waingereza ilikwenda Sobral, Brazili, na nyingine, iliyoongozwa na Arthur Eddington, ilikwenda kisiwa cha Príncipe, magharibi mwa Afrika. Nyota zilionekana zimesogea kidogo kutoka mahali pake, karibu na kiasi alichokisema Einstein.

Watoto, hapa kuna jambo la kwetu. Kivuli kile hakikuishia Príncipe. Kiliendelea kuvuka Kongo, kikapita sehemu za Tanganyika, na kufika Msumbiji jua likikaribia kutua. Siku nuru ilipopimwa kupindwa, giza lile lile la mchana liliwafikia na watu wa upande wetu.

Mwaka 1936 mhamiaji mmoja kutoka Chekoslovakia, Rudi Mandl, alimtembelea Einstein huko Marekani. Hakuwa profesa. Alimwomba apige hesabu: je, nyota moja ikikaa sawasawa mbele ya nyingine, haitafanya kazi kama lenzi ya miwani, ikakuza mwanga wa ile ya nyuma? Einstein alipiga hesabu, na mwaka huo huo akachapisha makala fupi, akimtaja Mandl kuwa ndiye aliyemwomba. Lakini aliandika kwamba hakuna matumaini ya kuliona jambo hilo moja kwa moja. Mwaka uliofuata, 1937, Fritz Zwicky alisema tusiangalie nyota, tuangalie galaksi. Galaksi ni nzito zaidi, hivyo lenzi yake ni kubwa zaidi.

Ilichukua zaidi ya miaka 40 kumpa Zwicky haki yake. Mwaka 1979 Dennis Walsh, Robert Carswell na Ray Weymann waliona kwasari mbili zimekaa pamoja katika kundinyota la Dubu Mkubwa, zikifanana kama mapacha. Hazikuwa mbili. Ilikuwa moja, na galaksi iliyo mbele yake ilikuwa imeigawa nuru yake ikapita njia mbili.

MSALABA WA EINSTEIN

Mwaka 1985 John Huchra na wenzake walikuwa wakipima galaksi mojamoja, kazi ya subira tu. Katika kundinyota la Farasi walikuta galaksi ambayo katikati yake palikuwa na nuru ya kwasari ya mbali sana. Darubini zilipoikazia macho zaidi, zilionekana nukta nne zimeizunguka kati ya galaksi, kama ncha za msalaba. Nukta zote nne ni kwasari moja. Ndiyo maana ikaitwa Msalaba wa Einstein.

Nuru ya kwasari hiyo imesafiri zaidi ya miaka bilioni 8. Ilipoanza safari, dunia yetu haikuwapo, wala jua. Galaksi iliyo mbele iko karibu nasi zaidi kwa mbali, chini ya sehemu moja ya kumi ya njia hiyo. Msalaba wenyewe ni mdogo sana machoni. Chukua sarafu ya dola moja ya Kanada, iweke Bloor, kisha usimame Union Station uitazame. Msalaba mzima unaonekana kwa ukubwa kama huo.

VIPIMAJOTO VINNE

Sasa tuje kwenye kupima. Fikiria mgonjwa mmoja amewekewa vipimajoto vinne kwa wakati mmoja. Vyote vinne vikipanda pamoja, unajua mgonjwa ana homa. Lakini vitatu vikitulia na kimoja kikapanda peke yake, huna haja ya kumpa mgonjwa dawa. Kuna kitu kimekigusa kipimajoto hicho: labda kiko karibu na chupa ya maji moto.

Msalaba wa Einstein uko hivyo hivyo. Zile picha nne, zinazoitwa A, B, C na D, ni vipimajoto vinne vya mgonjwa mmoja. Kwasari yenyewe ikila gesi nyingi na kung'aa zaidi, picha zote nne zitang'aa zaidi. Lakini picha moja ikibadilika peke yake, basi mabadiliko hayakutoka kwenye kwasari. Kuna kitu njiani.

Kitu hicho ni nyota. Galaksi inayofanya kazi ya lenzi si kipande kimoja cha kioo. Imejengwa kwa nyota mojamoja, na kila nyota ina mvutano wake mdogo, yaani ni lenzi ndogo ndani ya lenzi kubwa. Nuru ya kila picha inapita katikati ya umati tofauti wa nyota. Nyota zinatembea, na zinapojipanga vizuri mbele ya picha moja, picha hiyo hung'aa zaidi kwa wiki kadhaa au miezi, kisha hufifia. Jambo hili huitwa maikrolenzi. Kyongae Chang, mwanafunzi kutoka Korea aliyekuwa akisoma Ujerumani, na mwalimu wake Sjur Refsdal wa Norwei walilieleza kwa hesabu mwaka 1979, kabla halijaonekana.

Mwaka 1989 Mike Irwin, Rachel Webster na wenzao walitangaza kwamba limeonekana. Walilinganisha picha za miaka kadhaa za Msalaba wa Einstein wakakuta picha A imeongezeka mwanga bila wenzake kuifuata. Mzizi wa habari ni huo: walikuwa na picha za zamani za kulinganishia. Kipimo kimoja pekee kisingewaambia lolote.

PACHA ALIYECHELEWA SIKU 417

Mtoto mwenye akili atauliza: je, kama nuru imepita njia nne tofauti, picha zote zitapanda siku moja kweli? Swali hasa! Njia moja ikiwa ndefu kuliko nyingine, habari ya njia ile itachelewa kufika.

Kwa Msalaba wa Einstein tatizo hili ni dogo. Picha zimezunguka kati ya galaksi kwa mpangilio wa karibu sawasawa, na galaksi iko karibu nasi, hivyo ucheleweshaji ni wa saa kadhaa, takriban siku moja hivi. Unaweza kuzilinganisha moja kwa moja.

Kwa wale mapacha wa 1979 mambo yalikuwa mengine. Rudolph Schild wa Marekani aliwapima kwa miaka mingi, usiku baada ya usiku, akasema pacha mmoja anachelewa zaidi ya mwaka mmoja, kama siku 400 na kitu. Wengine walipiga hesabu wakapata karibu siku 540. Mabishano yaliendelea miaka mingi, kwa kuwa kila upande ulikuwa na namba zake.

Namna walivyoyamaliza inanifurahisha sana. Mwezi Desemba 1994 Tomislav Kundić na wenzake, wakitumia darubini ya Apache Point kule New Mexico, waliona picha A imeshuka ghafla. Walichapisha utabiri kabla: kama upande wa kwanza uko sahihi, picha B itashuka vivyo hivyo mapema mwaka 1996, kama upande wa pili uko sahihi, itashuka miezi kadhaa baadaye. Kisha wakasubiri, na sisi sote tunajua kusubiri majibu ya kipimo kulivyo kugumu. Mapema mwaka 1996 picha B ikashuka. Jibu: siku 417.

Sasa chati za mapacha zingeweza kusomwa. Unaichukua chati ya picha B, unairudisha nyuma siku 417, unailaza juu ya chati ya A. Penye kufanana, hiyo ni kwasari yenyewe. Penye kutofautiana, hapo ndipo nyota za njiani zimeingia. Hata upimaji huo wa siku una faida yake: Refsdal alikuwa ameonyesha mwaka 1964 kwamba ucheleweshaji wa namna hii unaweza kutumika kupima kasi ambayo ulimwengu unatanuka.

SAMAKI CHINI YA MAJI

Tumejua kwamba nyota zinachezea mwanga. Je, hilo linatupa ukubwa wa sahani kwa vipi?

Waliokulia pwani watakumbuka maji ya kina kifupi wakati wa jua. Mawimbi madogo huchora mistari ya mwanga mkali kwenye mchanga wa chini, kama wavu unaocheza. Samaki mdogo akikatiza mstari mmoja, mwili wake wote hung'aa ghafla, kisha huzimika ghafla. Papa akipita pale pale, mstari unamulika sehemu ndogo tu ya mgongo wake. Kwa ujumla papa habadiliki sana, na mabadiliko yake ni ya polepole.

Nyota za galaksi ile huchora wavu wa mistari kama hiyo, na kwasari ni samaki. Ikipanda na kushuka kwa haraka na kwa nguvu, ni ndogo. Ikibadilika kidogo na polepole, ni kubwa. Kwa njia hiyo watu wamepima kitu ambacho hakuna darubini inayoweza kukiona zaidi ya nukta.

Na wamegundua zaidi. Katika Msalaba wa Einstein mwanga wa buluu hubadilika kuliko mwanga mwekundu. Maana yake sehemu inayotoa buluu ni ndogo, iko ndani karibu na shimo palipo na joto zaidi. Nyekundu inatoka pembeni kwenye ubaridi kidogo. Miali ya eksirei, ile ile tunayotumia hospitalini kupiga picha za mifupa, hutoka sehemu ndogo zaidi, jirani kabisa na shimo jeusi. Tena, wingi wa mabadiliko huonyesha ni sehemu gani ya uzito wa galaksi iliyo katika nyota, na ni sehemu gani iliyo katika maada ya giza isiyoonekana.

KUTOKA MALINDI HADI RICHMOND HILL

Nimetaja eksirei. Watoto, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kupima eksirei za angani ilirushwa kutoka pwani ya Kenya, kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala. Kwa heshima ya siku hiyo setilaiti ikapewa jina Uhuru. Ndiyo, neno letu. Mpaka leo vitabu vya astronomia katika lugha zote huliandika hivyo hivyo.

Uhuru iliona eksirei zinazometameta kwa kasi kutoka mahali paitwapo Cygnus X-1, katika kundinyota la Dajaja. Nani alisaidia kujua ni nini? Tom Bolton, kijana aliyekuwa akifanya kazi David Dunlap Observatory, hapa hapa Richmond Hill, kaskazini mwa jiji letu. Kwa darubini yenye kioo cha sentimita 188 aliipima nyota iliyo mahali pale, usiku mmoja hadi mwingine, akaona inazungushwa kila siku 5.6 na kitu kizito kisichoonekana. Huko Uingereza Louise Webster na Paul Murdin walifikia jambo hilo hilo wakati huo huo. Cygnus X-1 ikawa kitu cha kwanza kukubaliwa na wengi kuwa shimo jeusi.

Basi habari ilitoka Malindi ikiwa na jina la Kiswahili, ikafika Richmond Hill. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya Uhuru, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Darubini ya Chandra, iliyorushwa mwaka 1999 kuendeleza kazi hiyo, ndiyo mojawapo ya zilizopima eksirei za Msalaba wa Einstein.

Katika jengo lile lile la Richmond Hill, tangu lilipofunguliwa mwaka 1935, alifanya kazi Helen Sawyer Hogg. Kwa miongo mingi alipiga picha za mafungu ya nyota, akizilinganisha ili kuona zipi zinabadilika mwanga. Kwa miaka 30, kuanzia 1951, aliandika pia safu ya nyota kwenye gazeti la Toronto Star, kwa wasomaji wa kawaida kama sisi.

KUKABIDHI ZAMU

Msalaba wa Einstein umekuwa ukipimwa na watu wa zamu nyingi. Kuanzia mwaka 1997 timu ya Poland iitwayo OGLE iliupima kwa darubini yake kule Las Campanas, Chile. Mwaka 1999 iliona picha C ikiongezeka mwanga zaidi ya mara mbili. Timu ya Chuo Kikuu cha Cantabria, Hispania, imeufuatilia pia kwa Darubini ya Liverpool iliyo kisiwani La Palma. Mwezi Juni 2025 Vera C. Rubin Observatory ya Chile ilionyesha picha zake za kwanza. Mpango wake ni kupiga picha anga la kusini tena na tena kwa miaka kumi, na inatarajiwa kupata kwasari nyingi sana za namna hii.

Huchra alifariki mwaka 2010, Refsdal mwaka 2009. Chati zao bado zinasomwa. Pengo katika chati, usiku ambao hakuna aliyepima, haliwezi kuzibwa baadaye hata kwa darubini kubwa kuliko zote, kwa sababu nuru ya usiku ule imeshapita. Wauguzi wanajua hilo. Wazazi wanaojitahidi kusema Kiswahili nyumbani kila siku, hata kwa dakika kumi, nao wanajua.

Na mwanangu uliyeniuliza swali, umepata jibu?

JARIBUNI NYUMBANI

Tafuteni glasi ya juisi yenye mguu na kitako cha duara. Chora nukta nyeusi kwenye karatasi. Weka kitako juu ya nukta, uitazame kupitia hapo, huku ukisogeza glasi polepole. Nukta itajipinda, itagawanyika kuwa mbili, na ikikaa sawasawa katikati itakuwa pete. Ukiinamisha glasi kidogo unaweza kupata nne. Kitako cha glasi ndiyo galaksi, nukta ndiyo kwasari.

MANENO YA WIKI

Darubini: chombo cha kuonea vitu vya mbali.
Kundinyota: nyota zinazoonekana kufanya umbo pamoja.
Kupatwa kwa jua: mwezi unapoliziba jua.
Mvutano: nguvu inayovuta vitu kuelekeana.
Maada: kitu chochote chenye uzito.
Kufifia: kupungua mwanga.
Kukabidhi: kumpa mwingine kazi aiendeleze.

MASWALI YA JUMAMOSI

1. Picha zote nne zikififia pamoja, nini kimebadilika: kwasari au nyota za njiani? Eleza.
2. Kwa nini samaki mdogo hung'aa ghafla kuliko papa?
3. Muulize babu, bibi, au mtu mzima yeyote nyumbani: nyota gani walizitumia kwao kujua msimu au njia? Andika majina yake kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwenu, uje nayo darasani.